Jinsi ya kuchanganua jedwali mtambuka: kai-mraba, yanayoitangulia na yanayoifuata

"Nitumie kipimo gani?" Karibu kila mtu mwenye data za makundi huanza na swali hilo. Data zake ni za ndiyo au hapana, mke au mume, daraja la kwanza, la pili, la tatu. Swali lenyewe ni zuri, ila limewahi mno. Kipimo hufuata namna data zilivyokusanywa. Tena makosa mengi ya kwenye ripoti huwa yameshafanyika kabla programu haijafunguliwa, au hufanyika thamani ya p (uwezekano wa kupata tofauti kubwa kama hii au zaidi kwa bahati tu, kama hakuna uhusiano) ikishatoka, pale mtu anapofunga kompyuta akidhani kazi imekwisha.

Katika mwongozo huu nitatumia zaidi data za meli ya Titanic iliyozama Aprili 1912. Zimo ndani ya R, programu ya takwimu, kwa jina la Titanic, kwa hiyo unaweza kurudia kila hesabu mwenyewe. Kalkuleta ya simu nayo inatosha.

Hatua ya 1: Jua umehesabu nini

Jedwali mtambuka ni hesabu ya vichwa. Kila kisanduku kinataja idadi ya watu au vitu vyenye sifa mbili kwa pamoja, na kila mtu anaingia katika kisanduku kimoja, mara moja tu. Wastani hauingii humo, wala asilimia. Ukiweka 62 na 38 kama asilimia badala ya idadi, programu itazipokea bila kunung'unika na kukupa jibu la sampuli ya watu 100 ambayo hukuwa nayo.

Mtego mkubwa hapa ni maswali ya "chagua yote yanayokuhusu". Aliyetia alama tatu anageuka kuwa watu watatu, na jumla ya jedwali inazidi idadi ya waliohojiwa. Dawa yake ni kutengeneza jedwali la ndiyo na hapana kwa kila chaguo peke yake. Daima linganisha jumla kuu na idadi ya watu wako, maana hesabu hiyo ya nusu dakika imeokoa tasnifu nyingi.

Kisha jiulize ni jumla ipi aliyoipanga mtafiti mwenyewe. Huenda alichukua watu 500 na kuwauliza mambo mawili, hivyo jumla kuu tu ndiyo iliyopangwa. Huenda aligawa watu katika makundi mawili, dawa na isiyo dawa, akasubiri matokeo. Au alianza na wagonjwa 100 na wazima 100, akauliza walifanya nini zamani. Kai-mraba, kipimo cha umbali kati ya idadi halisi na ile ambayo tungetarajia pasipo uhusiano, itakokotolewa vilevile kwa wote watatu, lakini huyo wa tatu hana ruhusa ya kusema "asilimia 50 ya wavutaji waliugua", kwa sababu idadi ya wagonjwa aliipanga yeye mwenyewe. Nitalirudia hili kwenye hatua ya 6.

Hatua ya 2: Panga jedwali na upige asilimia upande unaofaa

Weka kinachodhaniwa kuwa chanzo kwenye mistari, na matokeo kwenye safu:

| Kundi | Walionusurika | Waliokufa | Jumla | Walionusurika (%) |
|---|---|---|---|---|
| Daraja la kwanza | 203 | 122 | 325 | 62.5 |
| Daraja la pili | 118 | 167 | 285 | 41.4 |
| Daraja la tatu | 178 | 528 | 706 | 25.2 |
| Wafanyakazi wa meli | 212 | 673 | 885 | 24.0 |
| Jumla | 711 | 1,490 | 2,201 | 32.3 |

Asilimia zinakwenda kwa mstari: kati ya watu wa daraja la kwanza, wangapi walinusurika? Sasa zigeuze ziende kwa safu. Kati ya watu 711 walionusurika, wafanyakazi ni asilimia 29.8 na daraja la kwanza ni asilimia 28.6. Msomaji mwenye haraka ataondoka akiamini kuwa wafanyakazi ndio waliosalimika kuliko wote, kumbe walikuwa tu wengi melini. Namba hazikubadilika hata moja. Kilichobadilika ni kigawanyo.

Hadi hapa hujafanya kipimo chochote, na tayari unajua sehemu kubwa ya habari. Ukishindwa kueleza jedwali kwa asilimia, thamani ya p haitakusaidia kulieleza.

Hatua ya 3: Kokotoa idadi tarajiwa

Chukulia kwamba daraja la mtu halikuwa na uhusiano wowote na kunusurika. Hiyo ndiyo nadharia tete sifuri. Basi kila kundi lingenusurika kwa kiwango kilekile cha jumla, asilimia 32.3. Abiria 325 wa daraja la kwanza wangebaki hai kama 105. Fomula inasema hivyohivyo: jumla ya mstari mara jumla ya safu, gawanya kwa jumla kuu.

325 × 711 ÷ 2,201 = 104.99

Kwa njia hiyo daraja la pili linatarajiwa kuwa na 92.06, la tatu 228.06, na wafanyakazi 285.89. Usishangae kuona sehemu ya mtu, wala usizikadirie ziwe namba nzima.

Hatua ya 4: Kai-mraba

Kwa kila kisanduku toa idadi tarajiwa kutoka idadi halisi, zidisha tofauti kwa yenyewe, kisha gawanya kwa idadi tarajiwa. Kisanduku cha daraja la kwanza walionusurika kinatoa 98.01 × 98.01 ÷ 104.99, yaani 91.5. Jumlisha visanduku vyote vinane upate 190.4.

Je, hiyo ni kubwa? Inategemea ukubwa wa jedwali, na hapo ndipo digrii za uhuru zinapoingia: mistari ukitoa mmoja, mara safu ukitoa moja. Kwetu ni 3 × 1 = 3. Maana yake ni kwamba jumla za pembeni zikishajulikana, ukijaza visanduku vitatu tu, vilivyobaki hujijaza vyenyewe. Kwa digrii 3 mpaka wa kiwango cha 0.05, yaani namba ambayo bahati tu huivuka mara 5 katika 100, ni 7.81, nasi tuna 190.4. Kwa jedwali la mbili kwa mbili, lenye digrii 1, mpaka ni 3.84, namba hiyo inafaa kukaa kichwani.

Kama digrii za uhuru zinakuchanganya, umo katika safu ya wakubwa. Karl Pearson, aliyeleta kipimo hiki mwaka 1900, alizikosea mwenyewe kwa majedwali ya namna hii: jedwali la mbili kwa mbili alilipa digrii 3. Ronald Fisher alilisahihisha mwaka 1922, na wawili hao hawakupatana kirahisi.

Kwenye R amri ni chisq.test. Kwa jedwali la mbili kwa mbili amri hiyo huweka yenyewe sahihisho la Yates la mwaka 1934, ambalo hupunguza kai-mraba kidogo. Ndiyo sababu jibu la R halilingani na la mkono wako. Andika correct = FALSE na vyote vitakaa sawa. Kwenye Excel, CHISQ.TEST inataka ukokotoe idadi tarajiwa wewe mwenyewe kwanza, na inakupa thamani ya p bila kai-mraba.

Neno moja kuhusu thamani ya p kwa data hizi. Watu wa Titanic si sampuli iliyochaguliwa kwa bahati nasibu kutoka umati mkubwa zaidi. Ni takriban wote waliokuwamo. Tena walisafiri kifamilia, na hatima ya mama ilifungamana na ya mtoto, ilhali kipimo kinadai kila mtu asimame peke yake. Kwa hiyo p hapa isomwe kama kipimo cha mbali ambako jedwali limekwenda kutoka hali ya kutotegemeana, basi. Katika utafiti wako, wanafunzi wa darasa moja au wagonjwa wa daktari mmoja wana tatizo hilohilo, na huko ni zito zaidi kwa sababu utataka kusema jambo kuhusu watu ambao hukuwahoji.

Hatua ya 5: Tafuta kisanduku kilicholeta neno

Kai-mraba ikiwa kubwa inasema tu kwamba mahali fulani pana jambo. Haisemi ni wapi. Ripoti nyingi huishia hapa, "uhusiano upo, p chini ya 0.001", na msomaji anaachwa njiani.

Tumia mabaki sanifu yaliyorekebishwa. Chukua tofauti ya halisi na tarajiwa, igawanye kwa kipeuo cha pili cha hiki: idadi tarajiwa × (1 − sehemu ya mstari) × (1 − sehemu ya safu), ambapo sehemu ni jumla ya mstari au safu ukiigawanya kwa jumla kuu. R hukupa yote kwa kuandika $stdres mwishoni mwa amri. Pasipo uhusiano, mabaki hayo huzunguka sifuri, na machache tu huvuka 2 au −2. Kwa jedwali lenye visanduku vingi mimi husubiri 3 kabla ya kunyanyua nyusi.

Upande wa walionusurika tunapata 12.6 kwa daraja la kwanza, 3.5 la pili, −4.9 la tatu na −6.9 kwa wafanyakazi. Sasa jedwali linasema kitu: habari kubwa ni wingi wa walionusurika wa daraja la kwanza, daraja la pili liko juu ya tarajio kwa kiasi, na mzigo wameubeba wafanyakazi na daraja la tatu.

Hatua ya 6: Pima ukubwa wa uhusiano

Thamani ya p huchanganya mambo mawili, nguvu ya uhusiano na wingi wa watu. Ukizidisha kila kisanduku kwa kumi, asilimia zinabaki vilevile huku kai-mraba ikipanda mara kumi. Kwa hiyo unahitaji kipimo kisichovimba kwa sababu ya wingi.

Kinachotajwa sana ni V ya Cramér: gawanya kai-mraba kwa jumla kuu mara (idadi ya mistari au safu, ile ndogo, ukitoa moja), kisha tafuta kipeuo cha pili. Kwetu ni kipeuo cha 190.4 ÷ 2,201, yaani 0.29. Huanzia 0 na kuishia 1.

Mimi siipendi sana V, na sababu ni utafiti wa aspirini kwa madaktari wa Marekani, uliotangazwa mwaka 1988. Waliopewa aspirini walikuwa 11,037, na 104 kati yao walipata shambulio la moyo. Waliopewa kidonge kisicho na dawa walikuwa 11,034, na 189 walipata. Kai-mraba ni 25.0. V ni 0.03, ambayo kwa vitabu vingi ni "uhusiano hafifu usio na maana". Lakini tazama hatari yenyewe: asilimia 0.94 dhidi ya 1.71. Uwiano wa hatari ni 0.55, yaani mashambulio yalipungua karibu nusu. V ilidanganywa na uchache wa ugonjwa.

Kwa jedwali la mbili kwa mbili, basi, toa hizi tatu kwa kadiri unavyoruhusiwa. Tofauti ya hatari: hapa ni asilimia 0.77, karibu watu 8 katika kila 1,000. Uwiano wa hatari: 0.55, au 1.82 ukiutazama kutoka upande wa kidonge kitupu. Na uwiano wa odi. Odi ni waliopatwa ukiwagawanya kwa wasiopatwa, na uwiano wake hupatikana kwa kuzidisha visanduku kwa mshazari:

(189 × 10,933) ÷ (104 × 10,845) = 1.83

Odi na hatari zimekaribiana hapa kwa kuwa ugonjwa ni nadra. Pale matokeo yanapokuwa ya kawaida, huachana sana, na hapo kusoma uwiano wa odi wa 3 kama "mara tatu zaidi ya uwezekano" ni kosa. Lakini yule mtafiti wetu wa hatua ya 1, aliyeanza na wagonjwa 100 na wazima 100, amebakiwa na uwiano wa odi peke yake. Ndio pekee usiobadilika hata akiongeza wazima maradufu.

Ambatanisha masafa ya uhakika ya asilimia 95, yaani eneo ambamo thamani ya kweli inakadiriwa kuwamo. Chukua logi asilia ya uwiano wa odi (0.605). Jumlisha moja-chini-ya kila kisanduku, yaani 1/189 + 1/10,845 + 1/104 + 1/10,933, na utafute kipeuo cha pili: 0.123. Zidisha kwa 1.96, toa na ujumlishe kwenye logi, kisha rudisha kutoka logi. Tunapata 1.44 hadi 2.33. Masafa hayo hayagusi 1, nayo yanamwambia msomaji mengi kuliko p.

Namba zikiwa ndogo

Kai-mraba ni makadirio yanayotaka visanduku vilivyoshiba. Kanuni ya William Cochran ya mwaka 1954 bado inafaa: isiwepo idadi tarajiwa iliyo chini ya 1, na zilizo chini ya 5 zisizidi asilimia 20 ya visanduku. Zingatia neno tarajiwa. Watu huona 3 kwenye data wakakimbia, kumbe idadi tarajiwa ya kisanduku hicho ni 11 na hakuna tatizo.

Kanuni ikivunjika, tumia kipimo kamili cha Fisher, fisher.test. Chanzo chake kinachosimuliwa ni kikombe cha chai. Muriel Bristol, mwanasayansi wa Rothamsted huko Uingereza, alidai anaweza kuonja na kujua kama maziwa yalitangulia kikombeni au chai. Fisher alieleza jaribio la vikombe 8, vinne vya kila namna. Kuna njia 70 za kuchagua vinne kati ya vinane, hivyo anayebahatisha atapatia vyote mara 1 katika 70, yaani 0.014. Akikosea kikombe kimoja tu cha maziwa-kwanza, akapatia vitatu, uwezekano wa kupatia angalau hivyo kwa kubahatisha ni 17 katika 70, kama 0.24, na hapo dai lake halina nguvu tena. Hakuna makadirio humo, ni kuhesabu njia.

Kumbuka tu kwamba mwonjaji aliambiwa viko vinne kwa vinne, kwa hiyo jumla za pande zote mbili zilipangwa. Tafiti nyingi hazina hali hiyo, na Fisher huko huwa mwangalifu kupita kiasi, hukosa uhusiano uliopo. Kipimo ni sahihi lakini ni kigumu kuamini.

Njia nyingine ni kuunganisha makundi madogo. Unganisha kwa sababu ya maana, kabla hujaona matokeo. Kuunganisha hadi p ishuke ni udanganyifu, hata kama hakuna atakayegundua.

Watu walewale wakiulizwa mara mbili

Tuseme watu 100 waliulizwa swali moja kabla na baada ya mafunzo. Hamsini walisema ndiyo mara zote mbili, 25 hapana mara zote mbili, 20 walihama kutoka hapana kwenda ndiyo, na 5 walihama kinyume. Ukitengeneza jedwali la "kabla" na "baada" lenye majibu 200, umewahesabu watu mara mbili na umevunja hatua ya 1.

Kipimo cha McNemar cha mwaka 1947 hutazama waliohama tu. Tofauti ya 20 na 5 ni 15. Mraba wake, 225, gawanya kwa jumla ya waliohama, 25. Jibu ni 9.0, juu ya 3.84. Wale 75 wasiohama hawaingii kwenye kipimo, jambo linalowaudhi wengi, lakini hawana la kusema kuhusu mabadiliko.

Kabla hujaandika hitimisho: kigeu (sifa inayobadilika) cha tatu

Rudi kwenye jedwali la Titanic. Daraja la tatu walinusurika asilimia 25.2, wafanyakazi asilimia 24.0. Inaonekana abiria wa daraja la tatu walikuwa na nafuu kidogo. Sasa ligawe jedwali kwa jinsia:

| | Wanaume | Wanawake |
|---|---|---|
| Daraja la tatu | 88 kati ya 510 (17.3%) | 90 kati ya 196 (45.9%) |
| Wafanyakazi | 192 kati ya 862 (22.3%) | 20 kati ya 23 (87.0%) |

Kwa wanaume wafanyakazi wako mbele. Kwa wanawake wafanyakazi wako mbele, tena kwa mbali. Ukiwachanganya, wanakuwa nyuma! Mara ya kwanza kuona kitu kama hiki mtu hurudia hesabu akidhani amekosea. Siri ni kwamba wanawake walinusurika kwa wingi zaidi, nao walikuwa asilimia 28 ya daraja la tatu na chini ya asilimia 3 ya wafanyakazi. Hali hii huitwa kitendawili cha Simpson, kwa makala yake ya mwaka 1951, ingawa Udny Yule alikuwa amekwisha kuieleza mwaka 1903.

Kipimo cha Mantel-Haenszel (1959), mantelhaen.test kwenye R, huunganisha majedwali hayo mawili bila kuyachanganya. Uwiano wa odi ghafi, wafanyakazi dhidi ya daraja la tatu, ni 0.93. Uliounganishwa ni 1.55, umevuka upande wa pili wa 1. Hata hivyo, nisingeuandika peke yake, kwa sababu uwiano wa wanaume ni 1.37 na wa wanawake ni 7.85. Uhusiano wenyewe unatofautiana kwa jinsia, na wastani wa vitu viwili visivyofanana huficha vyote viwili. Toa majedwali mawili. Vigeu vikizidi vitatu au vinne, acha majedwali uende kwenye regresheni ya lojistiki, modeli inayopima vigeu vingi kwa pamoja dhidi ya matokeo ya ndiyo au hapana.

Makundi yenye mpangilio, kama kiwango cha elimu au "nakubali sana" hadi "sikubali kabisa", yanataka kipimo cha mwelekeo, kwa mfano cha Cochran-Armitage. Kai-mraba haijui kwamba "kidogo" iko kati ya "hapana" na "sana"; ukichanganya mistari inakupa jibu lilelile.

Hatua ya mwisho: Kuandika

Weka idadi na asilimia, kipimo, digrii za uhuru, ukubwa na masafa yake, kisha useme ni kisanduku gani. Kwa data ya aspirini sentensi ingekuwa hivi: "Shambulio la moyo liliwapata 104 kati ya 11,037 waliotumia aspirini (0.94%) na 189 kati ya 11,034 wasioitumia (1.71%); kai-mraba = 25.0, digrii 1, p < 0.001, uwiano wa odi 1.83 kwa wasioitumia, masafa ya uhakika ya 95%: 1.44 hadi 2.33." Jedwali lenye idadi kamili liwe kwenye ukurasa huohuo, ili anayetilia shaka achukue kalkuleta yake.